Kujifungia Jigi za Samoni na Stilihedi: Tazama Kwanza Kichwa cha Ndoana

Katika mito ya Oregon na Washington, nchini Marekani, wavuvi wengi huvua samoni na stilihedi kwa jigi, yaani ndoana yenye kichwa kizito, iliyovikwa manyoya na kuning'inizwa chini ya boya dogo. Kujifungia jigi si kazi ngumu, lakini kabla ya kununua vifaa tunakusihi uulize: kichwa hicho ni cha madini gani?

Vichwa vingi ni vya risasi, madini yenye sumu inayodhuru hasa ubongo wa mtoto. Soma pakiti, isipotaja madini na muuzaji asipojua, chukulia kuwa ni risasi. Vya tangsteni au bismathi ni ghali zaidi, ila ni salama zaidi. Usiyeyushe risasi nyumbani, usifungie jigi kwenye meza ya chakula, na unawe mikono kwa sabuni umalizapo.

Vifaa vya kuanzia ni jiliwa dogo la kushikia ndoana, uzi imara, mkasi, vanishi na manyoya laini ya bata mzinga. Vichwa vya gramu 3.5 hadi 7 vinatosha. Funga manyoya nyuma ya kichwa kwa mizunguko iliyokazwa, piga fundo, kisha tia tone la vanishi. Usiyajaze mno, yakiwa machache hucheza vizuri majini.

Mwisho, soma kanuni za mto wako kabla ya kununua ndoana, kwani baadhi ya mito hairuhusu ndoana zenye kijino.