Sauti ya Diouana ilitoka wapi?

Filamu ndefu za Ousmane Sembène ni 9 tu, na mwezi mmoja unazitosha: tatu kila mwisho wa wiki, na nafasi ikabaki ya kurudia ile inayokataa kutoka kichwani. Zikitazamwa kwa mfuatano, kuanzia ya 1966 hadi ya 2004, linajitokeza jambo ambalo ni vigumu kuliona katika filamu mojamoja. Mwongozaji huyu wa Senegal alitumia karibu miaka 40 akihangaika na swali la nani anazungumza wakati uso wa Mwafrika unapoonekana kwenye sinema, na anazungumza kwa lugha gani.

Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, mtoto wa mvuvi. Alipigana katika jeshi la Ufaransa, akapakua mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa. Riwaya zilisifiwa, lakini wachukuzi, wavuvi na akina mama waliomo ndani yake hawakuweza kuzisoma. Alipokaribia umri wa miaka 40 akaenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu. Sinema aliiita shule ya jioni, na yeyote aliyewahi kumwona mzazi wake akitoka shambani kwenda darasa la ngumbaro anaelewa mara moja alichokusudia.

Filamu yake fupi ya 1963, "Borom Sarret", inamfuata mwendesha mkokoteni wa Dakar kwa siku moja. Sauti iliwekwa baada ya picha, na mtu huyo wa uswahilini anawaza kwa Kifaransa. Jambo hilohilo likarudi kwa uzito zaidi mwaka 1966 katika "La Noire de...", filamu iliyompa tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa.

Hapo ndipo pa kukaa. Diouana ni msichana wa Dakar aliyeajiriwa kulea watoto wa familia ya Kifaransa. Anapelekwa Antibes, pwani ya kusini mwa Ufaransa, na akifika huko watoto hawapo. Anachokikuta ni jiko, ufagio na nguo za kufua. Mbele ya waajiri hasemi zaidi ya kuitikia, ndiyo bwana, ndiyo bibi. Kichwani mwake, hata hivyo, anazungumza mfululizo, kwa Kifaransa kilichonyooka kisicho na doa. Mbissine Thérèse Diop, Msenegali ambaye hakuwa mwigizaji mzoefu, ndiye aliyetoa uso, mabega na ule mwendo wa madaha. Sauti si yake. Ni ya Toto Bissainthe, mwigizaji na mwimbaji wa Haiti.

Ni kweli kwamba waigizaji Wazungu nao waliwekewa sauti za watu wengine. Lakini wao walibadilishiwa sauti ndani ya lugha yao, ilhali Diouana alipoteza sauti na lugha kwa pamoja. Na humohumo ndani ya filamu kuna tukio linaloonyesha kwamba Sembène aliijua hasara hiyo. Barua inafika kutoka kwa mama yake Diouana. Binti hajui kusoma, kwa hiyo bwana mwajiri anamsomea. Kisha, binti akiwa kimya, bwana anachukua kalamu na kuanza kumtungia jibu kwa niaba yake: hajambo, anafurahi, anatendewa vizuri. Diouana anawaza kwamba barua ile si yake, naye anaichana vipande vipande.

Je, sauti ya Bissainthe ilikuwa suala la fedha na mitambo tu? Au mwongozaji aliona maana katika kumpa msichana anayevushwa bahari sauti ya mwanamke wa Haiti, mjukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo? Na Diop, kama angeachiwa aseme mwenyewe, Diouana angekuwa mtu gani? Filamu hairuhusu jibu rahisi, na kila inaporudiwa swali linazidi kuwa zito.

Jibu la Sembène kwa vitendo lilikuja 1968. "Mandabi" ilipata fedha za serikali ya Ufaransa, ikatengenezwa kwa matoleo mawili, la Kifaransa na la Kiwolofu. La Kiwolofu ndilo lililobaki mioyoni mwa watu. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Sehemu yake ni 2,000 tu. Ili alipwe anatakiwa kitambulisho. Ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Wakati huohuo majirani wamekwisha kuja kukopa. Aliyewahi kuzungushwa ofisi hadi ofisi hahitaji kutafsiriwa mateso hayo.

Tangu hapo hakurudi nyuma. "Emitaï" ya 1971 inazungumza Kidiola. Katika "Xala" ya 1975 tajiri anamsemesha binti yake kwa Kifaransa, naye anamjibu kwa Kiwolofu. Tajiri huyohuyo anapofukuzwa na wenzake na kutaka kujitetea kwa Kiwolofu, anakataliwa. "Ceddo" ya 1977 ilipigwa marufuku Senegal chini ya Rais Senghor, na sababu rasmi iliyotolewa ni tahajia: herufi "d" mbili badala ya moja. Katika "Camp de Thiaroye" ya 1988, kuhusu askari Waafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa Desemba 1944, anayeviona vifaru vikija ni askari aliyepoteza uwezo wa kusema katika kambi ya Buchenwald. Hakuna anayemwamini.

Alipoulizwa kama Ulaya inazielewa filamu zake, Sembène alijibu kwamba Ulaya si kitovu chake. Aliuliza kwa nini awe alizeti la kuligeukia jua, ilhali yeye mwenyewe ndiye jua.

Filamu ya mwisho, "Moolaadé" ya 2004, inazungumza Kibambara na inahusu wanawake wanaokataa ukeketaji. Wanaume wa kijiji wanakusanya redio za wake zao na kuzichoma moto mbele ya msikiti. Sembène alifariki Dakar mwaka 2007.

Afrika Mashariki imepata wakalimani wa filamu, Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya miongoni mwao, waliozipa filamu za Hong Kong, India na Marekani sauti ya Kiswahili hadi kwenye vibanda vya video zikapendwa kama za kwetu. Kazi hiyo inastahili kufanywa pia kwa Sembène. Ianze na "Mandabi".