Mgonjwa wa Kisukari na Elimu ya Maradhi Yake

Mwaka mmoja una saa 8,760. Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki mara moja kwa mwezi, akazungumza na mganga kwa nusu saa kila mara, hupata saa 6 tu za uangalizi. Saa zote zilizosalia, awe Songea mjini au shambani, hujiuguza mwenyewe. Kwa hiyo elimu ya maradhi haya ni sehemu ya matibabu, sawa na vidonge.

Wanaohitaji elimu hiyo si wachache. Utafiti wa vijiji sita vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wasiofikia 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari iliyozidi katika damu ya watu 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Katika kisukari cha aina ya pili, kongosho bado hutoa insulini, lakini seli za mwili haziitikii ipasavyo, na glukosi hulimbikizana katika damu. Aghalabu mgonjwa hasikii maumivu. Ndiyo maana baadhi huacha dawa mara wajionapo wamepata nafuu. Wakati huo huo macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu huendelea kudhurika.

Chakula

Mkoa wa Ruvuma ni ghala la mahindi. Kumwambia mkulima wa huko asile ugali kabisa ni kumtenga na jamaa zake, naye hatatii. Yafaa afundishwe kipimo: robo ya sahani iwe ugali, ikiwezekana wa dona, robo maharage au samaki, nusu iliyobaki mboga za majani. Chai isitiwe sukari. Chakula hiki chaifaa nyumba nzima, hivyo hapana haja ya kumpikia mgonjwa chungu cha peke yake.

Miguu

Mishipa ya fahamu ikidhurika, mguu hufa ganzi. Madaktari wa Dar es Salaam wameeleza habari za wagonjwa walioumwa na panya usingizini pasipo kuhisi. Songea, ambako baridi ya Juni na Julai huwakusanya watu motoni, mgonjwa aweza kuungua nyayo asijue. Kidonda kidogo kikipuuzwa huoza, na yamkini mguu ukakatwa.

Hapana budi basi mgonjwa atazame nyayo zake kila jioni, au atazamiwe na mtoto ikiwa macho yamefifia. Aoshe miguu na kuikausha katikati ya vidole, avae viatu hata shambani, na akiona jeraha lolote aende kituo cha afya bila kukawia.

Mganga naye, baada ya kusoma kipimo cha damu, na amwulize mgonjwa: Je, walima? Wala pamoja na wenzako? Walala vema? Majibu yake yataonyesha kama mafunzo yamefika nyumbani.