Kibuyu Hakitoki Mbuyuni

Neno kibuyu huwadanganya wengi. Lafanana na mbuyu, ule mti mnene wa pwani na nyika, na kweli ganda la tunda lake hutumika pia kuchotea maji. Lakini chombo atiliacho maziwa mkulima wa Njoro au Molo hakitokani na mti. Hutokana na mmea utambaao, mmumunye, ambao wataalamu huuita kwa Kilatini Lagenaria siceraria.

Mmumunye ni wa ukoo mmoja na boga, tango na tikiti maji. Mbuyu ni wa ukoo mwingine kabisa. Hata hivyo ndugu hao wana tofauti zao. Maua ya boga ni ya manjano na hufunguka alfajiri. Ya mmumunye ni meupe na hufunguka jioni. Tena asili ya boga ni bara la Amerika, lakini mmumunye ni mzaliwa wa Afrika.

Ukale wake katika Bonde la Ufa una ushahidi. Mwaka 1938 Bwana Louis Leakey na mkewe Mary walichimba pango la Mto Njoro, karibu na Nakuru. Pamoja na mifupa ya wafu waliochomwa moto yapata miaka 3,000 iliyopita, waliona mabakuli ya mawe, shanga, na kibuyu kilichogeuka mkaa. Moto ndio uliokihifadhi, kwani mkaa hauozi wala hauliwi na mchwa.

Wakalenjin hukiita sotet, na humo hugandisha mursik, baada ya kukisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mgeni wa heshima na mkimbiaji arudiye na ushindi hunyweshwa maziwa hayo.

Kwa mkulima jambo kubwa ni mbegu. Yako mamumunye ya kula na yako ya vyombo, nayo huzaana. Yakipandwa karibu, wadudu huchukua chavua kutoka ua moja hata jingine, na mbegu za tunda zuri zaweza kuzaa msimu ujao matunda machungu. Uchungu huo ni sumu iletayo kutapika na kuhara, wala kupika hakuuondoi. Boga halina lawama hapa, kwa kuwa halizaani na mmumunye. Basi apandaye mamumunye ya namna zote mbili ayatenge mbali, naye mpishi aonje kipande kidogo kibichi kabla ya kuinjika chungu. Kikiwa kichungu, akiteme na kulitupa tunda lote.