Kwa Baiskeli Hadi Rapsu

Tangu 2003, msafara wa Tour d'Afrique umekuwa ukitoka Cairo kwenda Cape Town kwa baiskeli, safari ya takriban kilomita 12,000, na kwa miaka mingi umepitia Moyale, Marsabit na Isiolo. Zamani kipande hicho cha kaskazini mwa Kenya ndicho kilichoogopwa kuliko vyote. Mawe ya volkeno ya Dida Galgalu yalipasua tairi na kutikisa mifupa, na wapo waliolazimika kushuka na kusukuma. Siku hizi lami imefika hadi Moyale, na baiskeli inateleza. Malori nayo yanateleza, tena kwa kasi, na anayekanyaga pedali pembezoni mwa barabara huusikia upepo wao kabla hajaisikia honi.

Barabara ikishakuwa nzuri kwa gari, mara nyingi inaharibika kwa baiskeli. Anayetaka kusafiri polepole, asikie ndege na asalimiane na watu, lazima aiache barabara kuu. Katika kaunti ya Isiolo, mojawapo ya njia za kuiacha inaelekea Kinna na Rapsu, pembe ya kusini ya kaunti, chini ya milima ya Nyambene, kaskazini kidogo mwa ikweta. Ni nadra kusikia mtalii wa baiskeli akiitaja. Inastahili kutajwa.

Nchi iliyogeuza utulivu wa namna hii kuwa biashara ni Ayalandi. Ina zaidi ya kilomita 90,000 za barabara, na sehemu kubwa kabisa ni barabara ndogo za mashambani, vikiwemo vijia vinavyopitisha gari moja kwa wakati, nyasi zimeota katikati, ukuta wa mawe au ua wa miti kila upande. Mgeni hukodi baiskeli, hufunga mikoba kwenye keria, na huenda kijiji hadi kijiji akijua kwamba kabla ya giza atapata kitanda na chai. Katika kaunti ya Mayo, reli iliyofungwa 1937 imegeuzwa kuwa njia ya baiskeli ya kilomita 42 kutoka Westport hadi Achill. Na mnamo Februari 2025 serikali ilishusha mwendo wa juu kwenye barabara ndogo za mashambani, kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60. Utulivu huo haukuachwa ujilinde wenyewe, umetungiwa sheria.

Hata tairi la upepo la baiskeli lina asili yake katika kisiwa cha Ayalandi. John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe na kulisajili 1888. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutibu mifugo. Wafugaji wa Isiolo wana haki ya kutabasamu.

Kisha kuna Dervla Murphy, binti wa Lismore huko huko Ayalandi, aliyezaliwa 1931. Alipotimiza miaka kumi alipewa baiskeli na atlasi, akaamua kwamba siku moja angeendesha hadi India. Mwaka 1963 alifanya hivyo. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 60, aliondoka Nairobi kwa baiskeli, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe. Kitabu alichokiandika baada ya safari hiyo, kilichotoka 1993, kilibeba neno la Kiswahili katika jina lake: ukimwi. Katika kila nchi alikuta ugonjwa huo ukizungumzwa, au ukinyamaziwa. Msafiri wa gari angepita vijiji hivyo vyote na kuona mapaa ya mabati tu. Murphy alisimamishwa na kiu, na milima, na jua la kuzama, na kila aliposimama alikuta mtu wa kuzungumza naye.

Afrika Mashariki baiskeli ilikuja kufanya kazi. Black Mamba, lile jitu la chuma zito lenye keria pana nyuma, lilibeba maziwa, mkaa, ndizi na maharusi. Pale Busia, katika miaka ya 1960, vijana walianza kuvusha watu kwa baiskeli kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda, na boda boda ikazaliwa. Kwa hiyo mtu mzima anayekanyaga kutwa nzima bila mzigo wa kuuza bado huulizwa, kwa upole kabisa, kama gari lake limeharibika.

Njia nzuri ya kufika Rapsu haianzii mjini Isiolo. Barabara ya kutoka Isiolo kwenda Garbatulla na Modogashe ni sehemu ya ile ndefu ya kwenda Mandera inayojengwa kwa lami, na muda si mrefu nayo itakuwa ya malori. Afadhali kuanzia Maua, upande wa Meru. Asubuhi Maua huwa na baridi, ukungu, na pikapu za miraa zinazokimbilia soko kana kwamba zinafukuzwa, hizo zipishwe. Halafu barabara inashuka Nyambene, na kushuka kwenyewe ni kwingi. Migomba inaachwa nyuma, kisha miraa, kisha mahindi. Joto linapanda kila kona. Chini kabisa, karibu na lango la Murera la Mbuga ya Taifa ya Meru, migunga imetawala, na nguo ya baridi iliyovaliwa Maua inakuwa imekwisha fungwa kwenye keria.

Kuanzia hapo ni nchi ya Waborana. Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa kilomita za mraba 25,336, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 tu, kwa hiyo barabara za pembeni huwa na mbuzi wengi kuliko magari. Kinna ni kituo chenye maduka, msikiti na chai. Rapsu, jirani yake, ni kijiji cha mifereji. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwamalizia mifugo Waborana wengi wa Isiolo, na miaka iliyofuata ikaleta miradi ya umwagiliaji, kama ile ya Malka Daka na Gafarsa, ili aliyefilisika apate cha kula. Rapsu nayo ni ya ukoo huo wa mashamba: maji yanaongozwa kwa mifereji hadi kwenye mahindi, vitunguu na nyanya, katikati ya nchi ambayo kwa kawaida hujua ng'ombe, mbuzi na ngamia. Kwa mtu aliyeendesha saa kadhaa kwenye vumbi, kijani hicho kinapojitokeza hushtua.

Mipaka ya hapa haionekani kwa macho. Mbuga ya Meru, iliyotangazwa 1966, ina kilomita za mraba 870, na Hifadhi ya Bisanadi imeungana nayo. Ni eneo ambalo George na Joy Adamson walimrudisha porini simba jike Elsa, waliyemlea Isiolo. Alikufa 1961 na kaburi lake liko ndani ya mbuga. Simba, nyati na ndovu hawajapungukiwa na sababu za kutoka nje, na shamba la mahindi lenye maji ni mojawapo ya sababu hizo. Kwa hiyo haifai kujaribu kukatiza mbugani kwa magurudumu mawili. Kenya ina Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Meru si Hell's Gate. Hata kwenye barabara ya kijiji, saa za kusafiri ni baada ya jua kuchomoza vizuri na kabla halijaanza kushuka.

Usalama una upande wake wa pili, na kuuficha hakumsaidii mtu. Wizi wa mifugo na ugomvi wa malisho hutokea katika eneo hili, na habari zake hubadilika wiki hadi wiki. Aliye na akili huuliza Maua, akauliza tena Kinna, akapita kwa chifu kabla ya kulala popote. Kijana wa hapo anayejua njia, akilipwa kwa siku, ana thamani kuliko ramani yoyote ya simu.

Adui wa kila siku ni mdogo zaidi. Mbigili hulala mchangani, miiba yake ikiangalia juu, na mwiba wa mgunga hupenya tairi la inchi mbili bila kelele. Pancha ya kwanza huja mapema. Fundi wa kijijini huitengeneza chini ya mti: baiskeli inapinduliwa, tairi linang'olewa kwa mpini wa kijiko, tyubu inajazwa upepo na kuzamishwa kwenye karai la maji hadi mapovu yaseme tundu liko wapi. Anapakwangua kwa msasa, anapaka gundi, anaipuliza ikauke, anabandika kiraka kilichokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kisha jambo ambalo mgeni mwenye haraka husahau: anapitisha vidole taratibu ndani ya tairi mpaka aupate ule mwiba, maana ukibaki, kazi yote itarudiwa mbele kidogo.

Maji ndiyo hesabu kubwa. Lita sita kwa mtu mmoja si nyingi, na penye kisima hayachotwi ovyo. Waborana wana aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha, na ng'ombe aliyesubiri tangu alfajiri ana haki ya kumtangulia mtalii. Anayeomba hupewa. Majira nayo yasipuuzwe. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hugeuza udongo mweusi kuwa tope linaloziba magurudumu hadi yakatae kuzunguka; Juni hadi Septemba ndio msimu wa baiskeli.

Hoteli ya watalii isitarajiwe Rapsu. Chakula cha njiani ni chai ya maziwa, chapati, na nyirinyiri, zile nyama ndogondogo zilizokaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, ambazo hukaa siku nyingi bila jokofu na zinamfaa msafiri wa baiskeli kuliko biskuti zozote za dukani.

Kurudi ni habari nyingine. Mteremko wote wa juzi sasa ni mlima, na jua la tambarare halimhurumii aliyechelewa kuamka. Wenye miguu huondoka Kinna alfajiri na kuupanda kwa gia ndogo. Wengine hupandisha baiskeli juu ya matatu ya kwenda Maua; kondakta huitoza kama gunia, na bei hukubaliwa kabla kamba haijafungwa.