Mapishi ya Ugenini (2): Nguruwe kwa Pilipili za New Mexico

Juma lililopita tulieleza kwamba pilipili ni zao la asili la Amerika, na nguruwe aliletwa huko na Wahispania, walioanza kulowea New Mexico mwaka 1598. Leo tuingie jikoni.

Tuanze na pilipili, maana mchuzi huu unapatia au unaharibikia hapo. Haitakiwi pilipili kichaa wala pilipili mbuzi. Inayotumika ni ndefu, nene, yenye ukali wa wastani. Tabia hizo ni matunda ya kazi ya Fabián García, mtaalamu wa kilimo cha bustani aliyezaliwa Chihuahua, Mexico, akafanya kazi katika chuo cha kilimo cha Las Cruces. Mwaka 1921 alitoa aina iitwayo New Mexico No. 9, laini ya umbo ili imenyeke kirahisi viwandani, na ukali wake ukitabirika.

Msimu wa mavuno, kuanzia mwishoni mwa Agosti, wauzaji wa huko huzichoma nje ya maduka yao katika mapipa ya waya yanayozungushwa juu ya moto wa gesi. Nyumbani jiko la mkaa latosha. Geuza nusu kilo ya pilipili mpaka ganda liwe jeusi na kututumka, zifunike kwenye bakuli kwa robo saa, kisha menya. Usizioshe, maji yataondoka na ule moshi uliouhangaikia. Kwetu changanya hoho za kijani na pilipili ndefu chache. Haitakuwa sawasawa, lakini itakaribia. Ukiogopa ukali, toa utando mweupe unaoshika mbegu. Ukali umo humo. Mbegu zinasingiziwa tu.

Nyama iwe ya bega, kilo moja. Fileti itakauka bure. Bega lina mafuta na nyuzi ngumu, na nyuzi hizo zikipata moto mdogo kwa muda mrefu huyeyuka zikaupa mchuzi uzito bila unga. Mpenzi wa kitimoto cha kukaanga avumilie: hapa nyama inatakiwa ikatike kwa kijiko.

Kaanga vipande kidogokidogo hadi viwe vya kahawia. Ukijaza sufuria vitachuja maji. Vitoe, kaanga vitunguu maji na saumu, rudisha nyama, tia nusu ya pilipili zilizokatwakatwa, chumvi, na maji ya kuifunika. Bizari nyembamba wengine huweka. Mimi naona inaufunika moshi. Acha ichemke taratibu saa moja na nusu, tia viazi, na baada ya nusu saa malizia pilipili zilizobaki.

Asiyekula nguruwe atumie ng'ombe; hata New Mexico wapo wapikao hivyo. Huliwa na tortila za ngano, nasi chapati tunazo.

Juma lijalo ni zamu ya pilipili nyekundu, ambayo ni hii hii ya kijani iliyoachwa shambani ikaiva.