Fanani Mbele ya Mashine: Teknolojia na Fasihi Simulizi

Watahiniwa wengi wanapoulizwa kuhusu athari za teknolojia kwa fasihi simulizi hukimbilia jibu moja: kwamba redio, runinga na simu zimeiua. Jibu hili halikosi ukweli, ila ni nusu jibu, na mtahini huligawia nusu alama. Linalopaswa kuchunguzwa ni jinsi mashine inavyoubadilisha uhusiano baina ya fanani na hadhira yake.

Ikumbukwe kwamba maandishi yenyewe ni teknolojia. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na mwaka wa 1728, uliandikwa kwa hati za Kiarabu, ilhali tendi za aina hiyo zilighanwa zikasikizwa. Kalamu na sauti zimekaa nyumba moja tangu zamani.

Mfano unaofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Siti binti Saad wa Unguja. Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarab katika santuri. Hebu tazama yaliyoupata wimbo. Katika harusi au barazani, hadhira ya taarab hushiriki: hushangilia, huinuka ikamtunza mwimbaji, naye huweza kuurudia ubeti uliowachoma. Upande mmoja wa santuri za wakati huo ulichukua takriban dakika tatu tu. Wimbo mrefu ulilazimika kupunguzwa, au ukatwe na kuendelezwa upande wa pili. Wala mbele ya chombo cha kunasia sauti hapakuwa na wa kutunza. Yaani urefu, urudiaji na ushirikishi, mambo tunayoyafundisha kila muhula kuwa sifa za fasihi simulizi, yalitawaliwa na kipande cha sahani.

Hata hivyo, sahani hiyo hiyo ilimfikisha Siti kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja. Alifariki mwaka wa 1950 na sauti yake ingalipo. Waimbaji hodari waliomtangulia tunasimuliwa sifa zao tu. Hakuna awezaye kutusikilizisha walivyoimba.

Mombasa nako, mashairi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo yaliimbwa na jamaa yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, yakaenea kwa kanda. Je, hiyo ni fasihi andishi au simulizi? Mwalimu, usiharakishe kulijibu swali hili darasani. Waachie wanafunzi walivutane.

Nawe mtahiniwa, ukikabiliwa na swali la teknolojia, usiorodheshe vyombo. Taja kipengele (fanani, hadhira, wakati, mahali au uhifadhi), kisha ueleze kilichopungua na kilichoongezeka, ukitoa mfano. Ukisema redio imeondoa hadhira, utakuwa umekosea. Imeitawanya, nayo haiwezi tena kumkatiza fanani.

Hili nililiona kwa macho yangu katika kazi ya nyanjani. Niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwa nyanya mmoja aliyesifika kwa utambaji wa ngano. Tulikuwa tumeazima simu nne, na nilikuwa nimewaonya vikali wasiharibu rekodi kwa kelele. Nyanya akaketi, akakohoa, akasema, "Paukwa!" Kimya. Akarudia, "Paukwa!" Kimya. Akaniangalia akaniuliza iwapo watoto hawa wamefiwa.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewafundisha sifa za hadhira, kisha nikawakataza kuwa hadhira. Tukazima simu tatu, ya nne tukaiweka juu ya kigoda, na nikawaambia waitikie, waulize, wacheke wapendavyo. Ngano iliyokuwa iishe kwa dakika kumi ilichukua karibu nusu saa, kwa kuwa kila walipocheka nyanya aliongeza jambo.

Tulipoinukuu ngano hiyo darasani, mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba maneno kadhaa yamemezwa na vicheko. Nilimwambia aviandike vicheko hivyo pia, mahali pake.