Uchaguzi wa Mchujo: Nani Hushika Chujio?

Neno “mchujo” limetokana na kitenzi kuchuja, yaani kutenganisha kitakiwacho na kisichotakiwa, kama chai itenganishwavyo na majani yake. Katika lugha ya siasa, uchaguzi wa mchujo ni ule unaokipatia chama mgombea mmoja wa kukiwakilisha mbele ya raia wote. Waingereza na Wafaransa huuita kwa neno lenye maana ya “wa kwanza”. Jina hilo lataja mpangilio wa wakati tu. Kiswahili chataja kazi yenyewe: kuna kipitacho, na kuna kibakicho. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ifanyikavyo kwa viti vya Seneti ya Marekani, ambako ina historia ndefu.

Seneti hiyo ina maseneta 100, wawili kwa kila jimbo, nao huchaguliwa kwa muda wa miaka sita. Hapo awali walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Njia hiyo si ngeni kwetu, kwani kwa Katiba ya 2006 maseneta wa Kongo nao huchaguliwa na mabunge ya majimbo. Huko Marekani malalamiko yalizidi: hongo ilitajwa mara kwa mara, tena wabunge waliposhindwa kuafikiana, viti vilibaki vitupu. Jimbo la Delaware, kwa mfano, halikuwa na seneta hata mmoja kuanzia 1901 hadi 1903. Ndipo Badiliko la 17 la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1913, likawapa raia haki ya kuwachagua maseneta wao moja kwa moja.

Hata hivyo, raia hawezi kumchagua mtu ambaye jina lake halimfikii. Nani basi huandika majina? Kwa muda mrefu wakubwa wa vyama waliyapanga katika mikutano yao. Huko Wisconsin, gavana Robert La Follette aliupigania mchujo wa raia wenyewe. Sheria yake ya 1903 ilikubaliwa kwa kura ya wananchi mwaka 1904, ikatumika kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Majimbo mengine yakafuata.

Kila jimbo lina kanuni zake. Kwanza, upo mchujo uliofungwa, kama wa Pennsylvania: hupiga kura wale tu waliojiandikisha kuwa wanachama. Pili, upo ulio wazi, kama wa Wisconsin: mpiga kura hujichagulia chama siku ileile. Tatu, tangu 2012 California huwaweka wagombea wa vyama vyote pamoja, na wawili wa kwanza huendelea. Ndiyo maana mwaka 2016 Kamala Harris na Loretta Sanchez, wote wa chama cha Demokrati, walishindania kiti kimoja cha Seneti katika uchaguzi mkuu.

Je, kanuni hizi ni mambo madogo? Texas yatujibu. Huko, kama katika majimbo mengi ya Kusini, Demokrati walitawala kiasi kwamba aliyepita mchujo wao alikuwa amekwisha kushinda. Sheria ya 1923 iliwakataza Weusi kushiriki mchujo huo. Ilipobatilishwa mwaka 1927, chama kikajidai kuwa ni ushirika wa watu binafsi, wenye hiari ya kuwapokea wautakao. Weusi waliofaulu kujiandikisha waliweza kupiga kura katika uchaguzi mkuu, lakini wakati huo jambo lilikuwa limekwisha kukatwa. Mwaka 1944, katika kesi ya Smith dhidi ya Allwright, Mahakama Kuu ilikata shauri kwamba mchujo ni sehemu ya uchaguzi wa dola, kwa hiyo Katiba yaubana kama uchaguzi wowote.

Mchujo una hatari nyingine pia: apendwaye na wanachama si lazima apendwe na raia wote. Mwaka 2012 Richard Lugar wa Indiana, seneta tangu 1977, alishindwa na Richard Mourdock katika mchujo wa Republican. Mwezi wa Novemba Mourdock naye akashindwa na Joe Donnelly wa Demokrati.

Hivyo basi, achunguzaye uchaguzi wowote, wa kwao au wa kwetu, asianze na hesabu ya kura za mwisho. Aanze kwa kuuliza: majina haya yalichujwa wapi, na ni nani waliozuiwa mlangoni?